Bakuli la Kenchi

Skola, mama yangu,

Najua utaamka kabla ya jogoo wa Baba Lusajo na utakuja moja kwa moja jikoni. Kwa hiyo barua hii nimeiegemeza kwenye sufuria ya Kenchi, mahali ambapo huwezi kuipita. Usiwashe jiko. Vuta kigoda, kaa karibu na dirisha linalotazama uani, usome polepole. Ukifika mwisho mama yako atakuwa anatoka na bakuli, nawe utaona mwenyewe.

Sitakuambia ubebe sweta. Iringa ina baridi na Mbeya ina baridi, na wewe umezaliwa ndani ya baridi hiyo. Habari za shuka, sabuni, na kumwamkia shangazi yako pale Soweto ya Mbeya kila asubuhi kabla hujagusa simu, mama yako ameshazisema mpaka na mimi nimezikariri. Mimi nataka tuongee habari za mbwa.

Jana mezani ulisema, kwa ile sauti yako ya chini ninayoiogopa kuliko kelele, kwamba Kenchi asipokula kwa mkono wa mtu mwingine kabla ya safari, hupandi basi. Mama yako akakuambia vyuo vya uuguzi havina desturi ya kumngoja mtu. Ukajibu kwamba Kenchi naye alikwisha kungoja vya kutosha kule yadi, hutamwongezea. Nikaondoka kwenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa.

Nilikasirika, sitaficha. Halafu nikafurahi, maana nilijiuliza ni mzazi gani huyo anayelea binti wa kukataa kumwacha kiumbe na njaa, nikaona ni mimi. Halafu nikakumbuka kwamba nafasi ya chuo ni moja, nikakasirika upya.

Nakumbuka siku uliyomleta. Ulikwenda kule chini Ipogolo, kwenye njia ya Kilolo, kutafuta mabanzi ya kuni, ukaikuta ile yadi ya mbao imefungwa. Mwenyewe alikwisha kuhama, na mlinzi alipoona mshahara hauji akaondoka zake. Hakuna aliyekumbuka kumfungua mbwa. Ulikuwa unatafuna chapati, ukammegea nusu kupitia uzio, akaipokea taratibu kama mtu mzima anayeona aibu. Ukaenda kwa mwenyekiti wa mtaa, mwenyekiti akampigia mwenye yadi, mwenye yadi akasema mchukueni tu. Ukapanda naye mlima mpaka nyumbani, mkipumzika kila mnapoona kivuli. Nyuma yenu watoto wa mtaa mzima walikuwa wamejipanga kama wanafuata maandamano.

Alikuwa mbwa wa kizungu, wale wakubwa wa kulindia maghala, kichwa chake kama cha ndama. Kichwa hicho ndicho pekee kilichobaki na ukubwa wake. Mama yako alitoka, akazunguka upande huu na upande ule, akazitazama zile mbavu, akasema, "Hii nyumba ina kenchi tu, bado mabati." Jina likawa limepatikana.

Sasa, Skola, unajua kazi yangu. Nimepika shule ya bweni tangu kabla hujazaliwa. Mwiko wangu ni mrefu kuliko wewe ulivyokuwa darasa la tatu. Mimi sijui kupika kidogo. Hata chai ya watu wawili mama yako hanikabidhi, maana itabaki ya kuwagawia majirani. Na kwetu Kilolo nilikolelewa, mgeni aliyetoka kwenye njaa haulizwi habari, anajaziwa sahani. Nikasonga ugali. Nikaunga maharage kwa vitunguu, nikatia dagaa, na kipande cha mafuta ya ng'ombe ili mgeni ajue amefika kwa watu. Wewe mwenyewe ulikuwa hujala tangu asubuhi. Ukachuchumaa pembeni yake, ukawa unamega huku na yeye anafakamia kule, sufuria moja. Nilisimama mlangoni nimekunja mikono, nimejaa fahari. Nikasema, mgeni ameshiba.

Haukupita muda tumbo likajaa kama ngoma. Akatapika, akalala ubavu, miguu ikawa inatetemeka. Ukakimbia kumwita bwana mifugo, akaja na pikipiki yake, akamchoma sindano na kumkanda, akakaa naye hadi pumzi ilipotulia. Ndipo akauliza ni nani aliyepika. Akanieleza bila ukali kwamba mwili uliokaa na njaa muda mrefu unasahau kazi yake, ukiutwisha mzigo mzito ghafla unaweza kufa ukiwa na chakula tumboni. Akasema mbwa wakubwa namna hii wana hatari nyingine, tumbo lao likijaa sana linaweza kujipinda. Apewe kidogo, mara nyingi, wali laini na nyama ya kuchemsha, yai mara mojamoja, na akila apumzike, asikimbizwe. Vitunguu marufuku. Chumvi marufuku. Kisha akanishika bega.

"Mzee, umempikia kwa upendo," akasema, "ila umempikia yeye na ukoo wake wote."

Mama yako bado anaisema sentensi hiyo kila ninapoingia jikoni.

Basi ukaanza ile kazi yako ya bakuli dogo. Mimi nilikuwa napika na wewe unapeleka. Lakini nikuambie ukweli, chakula kisicho na chumvi kinanisikitisha. Nilikuwa nikikutazama unavyogeuka, mkono unakwenda wenyewe kwenye kopo, napenyeza chembe mbili tatu. Ulinikamata. Tangu siku hiyo kila bakuli ulilibeba mpaka uani, ukachuchumaa mbele ya Kenchi, ukachovya vidole, ukaonja huku ukinitazama mimi niliyesimama mlangoni, ndipo ukaliweka chini. Nilijisikia kama mwizi wa sukari. Nilikununia karibu wiki nzima, wewe ukadhani ni jino.

Likumbuke jambo hilo la kuonja, nitalirudia.

Furaha iliyofuata sijui kama nitaipata tena nikiwa na meno yangu yote. Siku za kumpima uzito pale sokoni, kwenye mzani wa viazi wa mama yako! Wewe umeshika kichwa, mimi nimeshika makalio, Kenchi ananing'inia kwenye gunia macho yametoka, wateja wameacha kununua. Na Baba Lusajo hakukosa hata siku moja. Mnyakyusa yule ana kipaji cha kutokea mahali utani unapohitajika. Nchi nzima inajua wanavyotutania sisi Wahehe kuhusu kula mbwa, naye siku ile alingoja mpaka watu wamejaa ndipo akauliza, "Jirani, huyu mnamnenepeshea Pasaka au Krismasi?"

Mama yako hakuinua hata macho kwenye viazi vyake. "Pasaka," akasema. "Na paja tutakuletea, uchanganye na ndizi zako."

Soko likaangua kicheko. Na jioni ile Baba Lusajo alikuja na mayai mawili kwenye mfuko wa shati. Akasema ni ya mtani wake, akimaanisha mbwa.

Mbavu zikaanza kujificha moja moja. Manyoya yakang'aa. Akaanza kubweka, kwanza kwa sauti ya mtu mwenye mafua, kisha kwa sauti ambayo ilimfanya fundi wa maji aruke ukuta na kuacha ndala. Ikaja na habari ya chuo chako, tukapiga vigelegele, mimi nikachinja kuku. Hapo ndipo tulipogundua kwamba Kenchi anakula kwako tu.

Tulisema ni mafunzo ya yadi. Mbwa wa ulinzi hufundishwa kukataa chakula cha mgeni, asije akatupiwa nyama yenye sumu. Nami nikajiambia, mafunzo hufundishwa na mafunzo husahaulika. Ulipokuwa unakwenda mjini nilijifunga kitenge chako. Nikavaa sweta lako, mikono ikaishia kwenye viwiko. Siku moja niliiga sauti yako, nikamwita, "Kenchi, njoo mpenzi," na Baba Lusajo akaisikia, nami sitasema zaidi. Kenchi alikuwa ananitazama kwa huruma, anaweka kidevu chini, anafumba macho. Nilisimama juu yake nikisema kula, kula, kula baba, kama ninavyowasimamia watoto wa bweni wanaochezea maharage. Alikuwa akijikunja zaidi.

Jumapili ulipokwenda Kilolo kumuaga bibi yako, mwenye jina lako, Kenchi alikataa asubuhi na akakataa mchana. Jioni nilikaa chini uani, sijala, nimechoka, bakuli liko mapajani. Nikajiuliza kama kweli safari hii nimeweza kuiheshimu ile amri ya chumvi. Nikamega kidogo, nikatia mdomoni. Mama, chakula kile ni kibaya! Nadhani nilikunja uso. Nilipoinua macho Kenchi alikuwa amesimama. Ananitazama mdomo. Akaja, akaninusa kidevu, akaingiza kichwa kwenye bakuli akala mpaka likalia.

Niliruka. Nilimkumbatia mama yako mbele za watu. Uliporudi tukakuambia amekula, na Jumatatu ukataka kuona. Nikaweka bakuli chini kwa madaha, nikarudi nyuma kama mchungaji aliyemaliza ibada. Hakugusa. Ukanitazama, ukamtazama mama yako, ukasema chakula cha Jumapili tuliwapa kuku wa Baba Lusajo, tukakudanganya ili uende zako kwa amani. Ndipo ikaja ile kauli yako ya mezani.

Leo jioni ulipokuwa kwenye kwaya wakikuaga, nilimlalamikia mama yako. Nikamsimulia Jumapili ilivyokuwa, kila kitu, nilivyokaa, nilivyoshika, nilivyoonja. Akaacha kukunja nguo zako.

"Ulionja mbele yake?" akauliza.

Nikasema ndiyo.

"Na Skola anaonja. Kwa sababu ya chumvi yako."

Tulitazamana, mama yangu, kama watu waliopoteza funguo wakazikuta zimening'inia shingoni. Ile chapati ya yadi ulikuwa umeshaing'ata. Sufuria ya siku ya kwanza mlikula pamoja. Na kila bakuli tangu hapo. Kumbe hakuwa anangoja mkono wako. Alikuwa anangoja mtu ale kwanza! Na mimi nimetoka Kilolo, ambako hakuna anayekupa ulanzi, ile pombe yetu ya mianzi, bila kuupiga funda moja mbele ya macho yako, ili ujue kinachokuja kwako ni salama. Nimepewa ulanzi namna hiyo tangu nimeota ndevu. Mbwa wa kizungu ndiye aliyekuja kunikumbusha adabu ya kwetu.

Labda ni hivyo, labda sivyo, mwenyewe hajanieleza. Lakini mama yako alichukua bakuli, akachuchumaa, akaonja, akameza kwa shida. Kenchi akala. Mama yako ambaye hajawahi kumlisha hata mara moja.

Halafu, tukiwa tumekaa pale uani tunacheka kama vijana, akaniambia jambo ambalo nilikuwa nimelisahau. Ulipokuwa mdogo, umetoka kuugua surua, ulikataa uji. Mimi nilikushika nikawa nakunywesha kwa kiganja, kwa nguvu, ukilia na kupaliwa, kwa sababu niliogopa utakufa. Yeye alininyang'anya kikombe. Akakaa mkekani akanipa mgongo, akawa anakunywa uji wako mwenyewe, polepole, analamba midomo. Ukatambaa mpaka magotini pake ukafungua kinywa.

"Wewe hujawahi kukosa upendo," akaniambia. "Unausimamia tu kichwani pa mtu."

Nimeliwaza neno hilo jioni nzima, na ndilo lililonifanya nichukue kalamu. Nimekusimamia kichwani sana, Skola. Soma, soma. Nenda, nenda. Usiogope, Mbeya si mwezini. Na ulipouliza kama niliwahi kuogopa, nilikuwa nikigeuza maneno.

Umekua ukisikia kwamba ujana wangu nilipata nafasi ya kwenda kujifunza upishi wa hoteli Mbeya, nikafika nikakuta nafasi zimejaa. Sikufika. Babu yako alinipandisha lori la viazi hapa Iringa, na lori likasimama Makambako kupakia magunia. Ule upepo wa Makambako unaujua unavyosimuliwa. Nikashuka kujinyoosha, nikanunua chipsi, nikala nimesimama. Mtu akaniuliza naelekea wapi. Nikavuka barabara nikapanda gari la kurudi. Sababu ya zimejaa niliitunga kabla hatujafika Mafinga. Niliishi nayo vizuri tu, nikapata kazi, nikampata mama yako aliyekuwa anatuuzia viazi shuleni, nikakupata wewe, kwa hiyo siwezi kudai Makambako ilinidhulumu. Lakini wewe ninakupa bakuli ambalo mimi mwenyewe sijaliweka mdomoni, nikisimama juu yako nikisema kula. Ndiyo maana ulikuwa ukinitazama kama Kenchi.

Huko uendako watakuja wengi wa kukuandalia. Wengine watakuandalia vizuri kuliko mimi, na vitunguu. Mtazame tu anayekupa, kama na yeye anakula anachokupa. Mimi hiyo imenichukua nusu ya umri kuiona, na imebidi nitambae uani nikila wali wa mbwa. Na utakapovaa yale magauni meupe ukapewa mgonjwa anayekataa dawa na kugeukia ukutani, najua hutamsimamia kichwani. Wewe umezaliwa na mkono wa mama yako. Mimi nimechangia sauti na uwezo wa kula.

Jambo jingine, usijione mkosaji kwa sababu Kenchi ataishi bila wewe. Nilikuona leo uliporudi, ulivyomlaza kichwa chake mapajani ukamnong'oneza. Hatakusahau, ila atakula, na hiyo ni kazi yako imefanikiwa. Mwisho wa mwezi tutampandisha kwenye mzani, nami nitamshika makalio peke yangu, Mungu anisaidie. Baba Lusajo ameomba ashike kichwa. Anasema anataka kukagua paja lake.

Sasa fungua bahasha iliyo chini ya kifuniko. Zipo tiketi mbili. Ya dirishani ni yako. Ya pili ni yangu. Shule wamenipa ruhusa, na kijana wa zamu amekabidhiwa mwiko. Tukifika Makambako basi litasimama, nitakununulia chipsi, na safari hii nitazilia kwenye kiti changu. Sitakusemesha sana njiani, nitakuwa na kazi ya kutazama nje, maana kuanzia hapo kila kilima kitakuwa kipya kwangu. Nitalala kwa shangazi yako usiku mmoja, nionje maji ya Mbeya, nione mahali utakapolala. Kisha nitarudi, nawe utabaki ukila.

Ningeweza kukuamsha nikuambie haya kwa mdomo, lakini ningelia, na ungelala vibaya.

Inua kichwa sasa. Huo ni mlango wa uani, na huyo ni mama yako anachuchumaa. Usitoe sauti Kenchi asijue upo. Ukiona mama yako amekunja uso, ujue ameshaonja, na chumvi haimo. Ukiona ule mkia mkubwa umeanza kutikisika, kaoge upesi. Basi halingoji mtu, na baba yako ameshavaa viatu.

Baba